Mpira Haufundishi Peke Yake

Ni mambo machache yanayosifiwa shuleni kwa urahisi kama michezo. Husemwa kuwa michezo huwapa watoto nidhamu, subira, ushirikiano na nia ya kufikia lengo. Sifa hizo ni njema, msomaji, lakini sifa njema nazo zastahili kupimwa. Mpira ni ngozi iliyojazwa upepo. Hauna ulimi wala hekima. Uwanja uliomlea muungwana umemlea pia mtu ajiangushaye makusudi ili refa adanganyike. Ikiwa mchezo wenyewe ndio ufundishao wema, huyu wa pili alifundishwa na nani?

Tulipime neno hili kwa mji wa Takaba, katika Kaunti ya Mandera, nchi kavu isiyo mbali na mpaka wa Ethiopia. Huko riziki ya wengi hufuata ngamia na mbuzi, na mbuzi hufuata mvua. Mtoto aliyechunga mifugo juani amekwisha jifunza subira kabla ya kuona goli. Anajua kuhesabu kundi lake jioni, na anajua kuwa mnyama akipotea, mwenye kuulizwa ni yeye. Basi mwalimu amwendeaye mtoto huyu kwa mpira, akidhani anamletea uvumilivu, hupeleka maji kisimani.

Hata hivyo, mchezo unayo mambo mawili ya kumpa. La kwanza ni uchaguzi. Lengo la mchungaji huwekwa na ukame: kisima ni kile kile, atake asitake. Mchezaji hujiwekea lengo mwenyewe, na akilikosa hapana anayekufa. Hiyo ni shule ya pekee, kwa kuwa mtoto hupata kukosea bila ya kuangamia.

La pili ni sheria moja kwa watu wote. Lakini sheria hii haimo ndani ya mpira. Hutiwa na watu. Huko Marsabit, magharibi ya Wajir, jamii zimemwaga damu kwa ajili ya malisho, maji na mifugo. Fatuma Abdulkadir Adan, mwanasheria wa huko, alianzisha shirika la amani mwaka 2003, na kandanda ikawa chombo chake. Vijana wa makabila yaliyohasimiana walichanganywa katika timu moja. Fikiri maana yake: ukitaka kushinda, yakupasa umpe mpira mtoto wa hasimu wa baba yako. Kama kila kabila lingeachiwa timu yake, mchezo huo huo ungaliweza kuwa vita vingine.

Vivyo hivyo Mathare, mjini Nairobi, ambako chama cha michezo cha vijana kilianzishwa mwaka 1987. Timu iliyokamilisha kazi ya kuzoa takataka mtaani ilipewa pointi sita katika ligi, zaidi ya zile za kushinda mchezo. Aliyefundisha hapo ni yule aliyeitunga kanuni.

Sasa tuje kwenye lengo. Mtoto akiulizwa lengo lake, hujibu, "Nitakuwa bingwa." Hilo ni tamanio, bado halijawa lengo. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, lakini mwaka 2012 hakupata nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Aliigeukia marathoni, akashinda Hamburg mwaka 2013, na mwaka 2016 akapata dhahabu ya Olimpiki huko Rio. Mazoezi yake huyaandika daftarini siku kwa siku. Ushindi wategemea miguu ya wengine pia, ila daftari li mkononi mwa mwenyewe. Methali yasema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini haitoshi: aliyekubali kushindwa yampasa pia ajue alishindwa kwa nini, na kesho afanye nini.

Kasoro moja haifai kufichwa. Tusemapo kuwa michezo hulea watoto, mara nyingi macho yetu huwatazama wavulana tu. Tangu mwaka 2014 sheria za kandanda duniani zimeruhusu mchezaji kufunika kichwa. Kwa hiyo, vazi la binti wa Takaba si udhuru tena wa kumweka kando. Kinachotakiwa ni kiwanja ambacho wazazi wake wataridhika nacho, saa isiyo ya jua kali, na mwalimu wa kike wa kumwongoza. Ikiwa michezo ni shule ya maisha, kumnyima binti ni kumfungia mlango wa shule.

Basi, msomaji kijana, usiusifu mpira kabla ya kuuliza maswali matatu: Kanuni gani imetiwa ndani yake? Nani anaisimamia? Nani ameachwa nje ya mstari? Ukipata majibu mema, vaa viatu ucheze. Usipoyapata, cheza hata hivyo, kwa maana furaha nayo ni haki ya mtoto. Lakini usiiite furaha hiyo elimu mpaka mtu atakapojitwisha kazi ya kuifundisha.