Idhini ya Nani? Mwanamke, Dua na Hevi Metali katika Wimbo wa Voice of Baceprot

Makala haya yanahakiki wimbo "God, Allow Me (Please) to Play Music", uliotolewa na Voice of Baceprot, kundi la hevi metali la wanawake watatu Waislamu kutoka Garut, Java Magharibi, nchini Indonesia. Waliliunda mwaka 2014 wakiwa wanafunzi. Katika Kisunda, baceprot ni kelele.

Waandishi wengi wamelitazama kundi hili kupitia hijabu, kana kwamba vazi na gitaa ni mahasimu. Mtazamo huo unawaona wasanii bila kuwasikia. Wimbo wenyewe umejengwa kwa umbo la dua: nafsineni inajitetea kuwa si mhalifu, kisha inamwomba Mungu idhini ya kupiga muziki. Hivyo inawapita waharamishaji na kulifikisha shauri kwa Hakimu wao wote. Imani inayotumiwa kumnyamazisha mwanamke ndiyo inayompa mahali pa kusemea.

Hata hivyo, dua hiyo ina gharama. Anayeomba idhini huonekana amekwisha kukubali kwamba kitendo chake kinahojika. Jibu la udhaifu huu halimo katika maneno, bali katika ala: idhini inaombwa huku gitaa, besi na ngoma vikiwa vinanguruma tayari. Makala yanahitimisha kwamba mhakiki anayeishia kwenye vazi na mashairi hulisikia ombi tu. Anayesikiliza muziki husikia pia kwamba wanawake hawa hawakungoja kujibiwa.