Mwigizaji na Ardhi ya Meru

Sanaa ya uigizaji husimama juu ya mapatano. Mtazamaji hukubali kwamba mbao chache zilizopigiliwa misumari ni ikulu ya mfalme, na mwigizaji naye hukubali kwamba pazia likishuka atavua joho na kurudi nyumbani kwake. Mapatano hayo yalivunjwa chini ya Mlima Meru mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pazia lilishuka, wenziwe wakafunga masanduku yao wakaenda Marekani, lakini Hardy Krüger hakuvua joho. Aliinunua sehemu ya nchi ile iliyokuwa jukwaa lake, akakaa humo miaka mingi. Kwa sababu hiyo habari zake zastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa fasihi wa Afrika ya Mashariki, ingawa mwigizaji huyu hakupata kuigiza tamthilia hata moja ya Kiswahili.

Krüger alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1928. Alikuwa mtoto wa zama za Hitler, akapelekwa katika shule ya kuwalea vijana wa chama, na kutoka huko akachaguliwa mwaka 1944 kucheza katika sinema iliyotukuza vijana wa taifa lile. Mwaka uliofuata alivikwa sare ya vita angali na umri wa miaka 16. Alikataa kuwapiga risasi askari wa Marekani, akahukumiwa kufa, akanusurika kwa huruma ya ofisa mmoja. Vita vilipokwisha alikwenda katika jumba kubwa la tamthilia la Hamburg, na kazi aliyopewa huko ilikuwa ile ya chini kabisa: kusimama jukwaani bila kusema neno, awe mmoja wa umati. Kila tamthilia kubwa yahitaji watu wa namna hii. Wao ni askari wanaoshika mikuki mfalme anaponena, ni watu wa mjini wanaoitikia kwa kelele. Majina yao hayasomwi, nao wasipokuwapo mfalme huonekana kuwa mwendawazimu anayejisemea peke yake. Jambo hili la umati usiosema yafaa likumbukwe, kwa maana litarudi.

Kutoka umatini alipanda. Mwaka 1957 Waingereza walimpa nafasi ya kwanza katika The One That Got Away, akawa Franz von Werra, rubani wa Kijerumani aliyewatoroka waliomteka. Ilikuwa ajabu kwa watazamaji wa London, miaka 12 tu baada ya vita, kujikuta wakimtakia heri adui yao. Ufundi wake ulikuwa wa kujizuia: uso uliotulia, macho yanayopima mlango na dirisha, tabasamu linalokuja kabla ya hila. Mwaka 1962 alicheza katika sinema ya Kifaransa Les Dimanches de Ville d'Avray akiwa rubani aliyepoteza kumbukumbu zake vitani, na sinema hiyo ikapata tuzo ya Marekani ya sinema bora ya kigeni. Katika The Flight of the Phoenix ya mwaka 1965 alikuwa mchoraji wa ndege aliyekwama jangwani pamoja na watu wasiompenda. Ukizitazama kazi hizi pamoja waona kwamba waandishi walimpa daima mtu wa aina moja, yaani Mjerumani aliye peke yake kati ya wageni, ambaye wenziwe humtazama kwa pembe ya jicho wakijiuliza alifanya nini jana. Nguvu ya uigizaji wake yatoka katika swali hilo lisiloulizwa kwa sauti.

Swali hilo halikuulizwa kabisa alipokuja Meru.

Sinema ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960. Yasimulia kikosi cha wazungu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Mkuu wao ni John Wayne, na kambi yao ni shamba la Momella, mashariki ya mlima. Krüger ni Kurt, dereva wa magari ya mashindano. Hawks hakuja na hadithi iliyokamilika. Alisubiri kuona wanyama gani watapatikana, ndipo maneno yakaandikwa kufuata matukio. Na waigizaji wenyewe, wala si watu wa kukodiwa kwa kazi ya hatari, walipanda magari na kuwafukuza faru na twiga. Wayne aliketi katika kiti kilichofungwa mbele ya lori, mkononi mti mrefu wenye kitanzi. Sehemu hizi za sinema ni bora kabisa na hazijazeeka. Vumbi ni vumbi kweli, na faru anayeipiga gari kwa pembe hakusoma maandishi ya mtu yeyote. Hapo mwigizaji huacha kuigiza, na uso wa Krüger akishika usukani ni uso wa mtu anayefanya kazi.

Udhaifu waanza magari yaliposimama. Mazungumzo ya kambini ni mchezo wa kuchekesha uliorefushwa mno, wanaume wazima wakigombea wasichana wawili, na katika saa mbili na dakika 37 za sinema hii nyingi zaenda huko. Kurt hugombana na kijana wa Kifaransa, wakapigana ngumi, kisha wakawa marafiki. Mtazamaji wa Ulaya alielewa mara moja maana yake: Ujerumani na Ufaransa zimesameheana. Jambo jema. Lakini msamaha huo wafanyika juu ya ardhi iliyokuwa chini ya Wajerumani tangu mwaka 1885 hadi Vita Vikuu vya Kwanza, mwendo usio mrefu kutoka boma walilolijenga Arusha baada ya kuwapiga Waarusha na Wameru, wala hapana mtu yeyote katika sinema anayekumbuka habari hiyo. Mjerumani asamehewa na Mfaransa, na mwenye nyumba hakuulizwa.

Wenye nyumba wamo, ila wamepewa ile kazi ya Hamburg. Wanashika kamba, wanapanda nyuma ya malori, wanaleta vinywaji, wanaitikia. Mahali pamoja tu ndipo wanapotokea kama watu wenye desturi zao: Waarusha wanamfanyia sherehe Dallas, msichana mpiga picha aliyewalea watoto wa tembo, na kumpa jina la Mama Tembo. Jina hilo lastahili maneno machache, kwa kuwa ndipo lugha ya Kiswahili inapopewa nafasi yake kubwa katika sinema yenye jina la Kiswahili. Aliyelibuni hakukosea sarufi wala adabu. Waswahili humwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, Mama Juma, Mama Asha, na kumwita hivyo ni kumpa heshima ya uzazi. Basi aliyelea tembo ni Mama Tembo, na mzaha wenyewe ni mtamu. Ila Waarusha si wasemaji wa Kiswahili kwa asili. Lugha yao ni Kimaa, na mama kwao huitwa yeyo. Watengenezaji wamewatia Waarusha lugha ya pwani kinywani, kama mshonaji anayewapa watu wote kanzu ya kipimo kimoja. Huenda mtu akasema hili ni dogo. Kwa mkosoaji si dogo, maana mwigizaji aliyenyang'anywa lugha yake hana tena kitu cha kuigizia ila mwili, na mwili usiosema warudi kuwa sehemu ya mandhari pamoja na mlima na twiga.

Kilichoachwa nje ya picha ni kizito zaidi. Kaskazini ya Momella iko Ngare Nanyuki. Mwezi wa Novemba 1951, miaka tisa tu kabla ya Hawks kufika, serikali ya Waingereza iliwafukuza huko Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao igawanywe kuwa mashamba 13 ya wazungu wafugaji. Nyumba zilichomwa moto, watu wakapelekwa Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma waliyotendewa watu wake, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hakuirudisha ardhi kwa safari hiyo, kwa kuwa azimio lililowaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili za kura katika Mkutano Mkuu. Lakini habari ya Meru ilisikika dunia nzima, na siasa ya Tanganyika haikuwa tena ile ya zamani.

Hapa pana misafara miwili iliyopishana. Mmeru alikwenda Marekani kusema juu ya ardhi ya Meru mbele ya watu waliokaa kumsikiliza. Miaka minane baadaye Wamarekani walikuja Meru kucheza juu ya ardhi jirani na ile ile, na mchezo wao ukatazamwa na watu wengi kuliko waliopata kulisikia jina la Kirilo. Ikiwa uigizaji ni kusimama mbele ya wasiokujua na kuwafanya waamini kwamba yanayokuhusu wewe yanawahusu wao, basi kazi ngumu zaidi ilifanywa na yule wa kwanza. Naye hakuwa na Hawks wa kumwandikia maneno.

Haitakuwa haki kumtwika Krüger mzigo huu wote. Hakuwafukuza Wameru, na Momella alikopenda ilikuwa mikononi mwa Wajerumani kabla yake; huko aliishi Margarete Trappe, mwindaji mashuhuri aliyefariki mwaka 1957. Yeye aliipenda nchi hii kwa dhati, wala si kwa mapenzi ya mtalii. Alinunua shamba, akalima, akafuga, akapokea wageni, na mwaka 1970 akatoa kitabu kwa Kijerumani juu ya maisha hayo, Eine Farm in Afrika, akaanza nacho kazi ya uandishi. Aliondoka Momella katika miaka ya 1970. Ila mapenzi ya namna hii yana swali lake. Kurt wa sinema hakuwa na jana; na mtu aliyelelewa kwa sumu ya Hitler, akahukumiwa kufa kabla ya kutimiza miaka 17, alikuwa na kila sababu ya kutamani nchi ambamo hapana mtu atakayemwuliza habari za jana. Meru ilimfaa kwa sababu sinema ilikwisha kuifanya nchi isiyo na jana. Yawezekana kwamba alinunua mandhari ya jukwaa akidhani amenunua shamba.

Na nchi yenyewe ilikuwa katika kusema. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kabla sinema haijatolewa. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, Kiswahili kikabeba hotuba za Roma. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na ngonjera zikaenea mashuleni, watoto wakisimama wawili wawili kujibizana kwa mashairi juu ya ujamaa. Nyingi zilikuwa dhaifu kisanaa, lakini hapakuwa na mtoto aliyesimama pale asipewe neno la kusema. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, na katika tamthilia hiyo Wajerumani wamo, nao hawana njia ya kusahau jana, maana Vita vya Majimaji ndiyo hadithi yenyewe. Mwanafunzi atakayeisoma Kinjeketile kisha aitazame Hatari! katika juma moja atajifunza mengi juu ya nani huwekwa mbele ya jukwaa na nani huwekwa nyuma.

Krüger aliendelea na kazi. Stanley Kubrick alimpa sehemu ya Kapteni Potzdorf katika Barry Lyndon mwaka 1975, afisa mpole na mwenye kutisha, nayo ni kazi iliyopimwa vizuri kuliko Kurt. Alifariki California tarehe 19 Januari 2022, umri wake miaka 93. Sehemu ya shamba lake la Momella ilikwisha kuwa hoteli ya wageni, iliyopewa jina la Hatari Lodge. Neno ambalo mama wa Kiswahili humpigia mtoto ukelele anapokaribia moto, hapo liliandikwa ili kuwakaribisha watu walale.