Liyongo katika Rafu Mbili: Uainishaji wa Maktaba na Mipaka ya Fasihi ya Kiswahili

Mjadala kuhusu mfumo unaofaa kupangia vitabu vya Kiswahili katika maktaba za vyuo vya Afrika Mashariki huanzia, kwa kawaida, kwenye lalamiko la haki, na mara nyingi huishia papo hapo. Mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, uliitengea fasihi ya Kiingereza 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840, na kuendelea hivyo hadi Kigiriki katika 880. Lugha nyingine zote zikasongamana katika 890. Fasihi ya Kiswahili imo humo, katika 896.392. Riwaya ya Kiingereza hutambulishwa kwa tarakimu tatu, ya Kiswahili kwa saba. Mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani nao huiweka katika PL, pamoja na Kichina na Kijapani, kundi ambalo hakuna mwanaisimu atakayelitetea.

Lalamiko hilo ni la kweli, lakini tiba yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Kanuni za Dewey zenyewe zinairuhusu maktaba kuipa fasihi ya nyumbani nafasi ya 810, hivyo ushairi wa Kiswahili ukawa 811, tamthilia 812 na riwaya 813. Kinachobaki baada ya hapo ni suala zito zaidi: mfumo unakubali kazi zipi kuwa fasihi?

Fumo Liyongo anatosha kuwa kipimo. Utenzi wa Muhammad Kijumwa juu ya shujaa huyo huwekwa katika ushairi. Kisa hicho hicho kikisimuliwa kwa nathari na kukusanywa kama ngano, huhamia 398.2, yaani ndani ya sayansi za jamii, jirani na mila na desturi. Methali nazo hufuata katika 398.9. Mwana msaliti ni yule yule, sindano ya shaba ni ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja ametunga kwa vina na mwingine amesimulia. Wahakiki wa Kiswahili wamefundisha kwa miongo kadhaa kwamba fasihi simulizi na fasihi andishi ni matawi ya shina moja, ilhali mwanafunzi wao, akiingia maktaba, huyakuta matawi hayo katika vyumba viwili, pengine ghorofa mbili.

Kuhamia mfumo wa Bunge hakuponyi jeraha hili, kwa kuwa huko ngano huenda GR, chini ya jiografia na anthropolojia. Mfumo huo una sifa moja kubwa, hata hivyo: huziweka pamoja kazi za kifasihi za mwandishi mmoja bila kujali utanzu. Dewey humgawa Shaaban Robert vipande vipande. Insha na Mashairi ni insha au ni ushairi? Maisha Yangu, yenye nathari na tenzi ndani yake, iende wapi? Jibu lolote la mwainishaji ni uhakiki, ingawa halina saini. (Wasifu wa Siti binti Saad, katika mifumo yote miwili, unaweza kuishia kwenye muziki.)

Kwa mkusanyiko wa utafiti, basi, mfumo wa Bunge unastahili kupendelewa, kwa sharti kwamba ngano, methali na vitendawili vya Kiswahili virudishwe PL kwa kanuni ya maktaba yenyewe. Gharama yake si ndogo. Rekodi zinazonakiliwa kutoka katalogi za nje hazitalingana tena na rafu, na kila kitabu cha aina hiyo kitahitaji kusahihishwa kwa mkono, na mtu anayekijua Kiswahili. Kanuni hiyo lazima iandikwe na ikae mezani pa mwainishaji. Ikibaki kichwani mwa mtu mmoja, siku atakapostaafu Liyongo atarudi GR.