Jirani wa Karibu na Ndugu wa Mbali: Uhakiki wa Methali Moja

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka 33, na katika miaka ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu huko nyanda za juu kusini. Katika muda huo wote sikumbuki mwaka uliopita bila methali hii kuandikwa ubaoni: "Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali." Wanachuo waliipenda kwa sababu ni nyepesi kuieleza. Waliandika kwamba anayekufaa wakati wa shida ni yule aliye karibu nawe, nami niliweka alama ya vema nikapita. Leo nina umri wa miaka 74, na naona niligawa alama zile kwa ukarimu mno. Kwa hakika mimi mwenyewe sikuielewa methali hii mpaka siku niliyolazimika kuchagua mtaa wa kuhamia.

Usiku mmoja wa mwezi Juni, baridi ya Njombe ikiwa katika ukali wake, mke wangu alishindwa kuinua kikombe cha chai. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Nilitoka nje nikaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia hata kwenye mstarini. Jirani yetu wa upande wa juu, fundi seremala, alifika akiwa peku. Mkewe alifuata na blanketi. Kijana wa nyumba ya tatu akawasha pikapu yake ya kubebea mbao, na kabla ya saa kumi alfajiri tulikuwa hospitali. Watoto wetu wawili wako Dar es Salaam, kilometa 700 hivi kutoka hapo. Walipata habari kwa simu, wakatuma fedha kwa simu, wakafika wenyewe siku ya pili jioni. Hivyo methali ikathibitika neno kwa neno.

Mke wangu alipona kiharusi kile, ila mkono wake wa kulia haujarudi ulivyokuwa, na daktari alisema hana budi kufanya mazoezi ya viungo kwa muda mrefu. Watoto wakasema tuhamie Dar es Salaam. Mimi nikawajibu kwa methali, kama ilivyo desturi ya walimu wa Kiswahili. Binti yetu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani, Baba. Hiyo methali inamfariji nani? Mimi naona inamfariji yule aliye mbali."

Sikuwa na jibu. Alikuwa amenigusa mahali asipopajua. Mama yangu mzazi alifariki mwaka 1989 kijijini. Kwa miaka yake sita ya mwisho alichotewa maji, akapikiwa uji na kuogeshwa na mama mmoja jirani, ambaye hakuwa ndugu yetu kwa damu wala kwa ukoo. Mimi nilikuwa mwalimu katika mkoa mwingine. Nilituma hawala ya posta na barua, na kila Krismasi nilifika na blanketi jipya. Watu waliponiuliza habari za mama, niliwajibu, "Ah, heri jirani wa karibu!" Nao walitikisa vichwa kwa kukubali. Nilidhani nilikuwa nikimsifu yule mama. Kumbe nilikuwa nikijisamehe.

Kosa langu la kwanza katika uhakiki wa methali hii lilikuwa hapo. Tuliwafundisha wanachuo kuchunguza fani na maudhui, lakini tulisahau kuwauliza: ni nani anenaye, na ananena akiwa wapi? Wazo lenyewe ni la kale sana, na Biblia inalo katika kitabu cha Mithali, 27:10. Likitamkwa na mgonjwa aliyebebwa na jirani, ni shukrani. Likitamkwa na mtoto aliyeondoka, ni utetezi. Maneno ni yaleyale, ila ujumbe ni tofauti kabisa. Mtahini asiyeliona hilo hastahili kalamu nyekundu.

Kosa la pili lilihusu maneno yenyewe. Neno "jirani" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko ni umbo la wingi: majirani. Sisi tumelifanya umoja, na methali imeufuata umoja huo, kana kwamba mtu huokolewa na jirani mmoja. Usiku ule wa Juni mke wangu aliokolewa na miguu ya seremala, blanketi la mkewe na pikapu ya kijana wa mbao. Angekosekana mmoja wao, sijui ningesimulia nini leo.

Kisha kuna neno "karibu". Lugha yetu imelipa kazi mbili. Hulitumia kupimia umbali, na hulitumia kumpokea mgeni aliyepiga hodi. Katika darasa langu tulilisoma kwa maana ya kwanza tu, ile ya hatua na kilometa. Maana ya pili niliijua nilipoanza kuzunguka vitongoji vya Dar es Salaam nikitafuta nyumba.

Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji ule ukiwa na watu zaidi kidogo ya 270,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu 5,383,728. Wengi wa walioongezeka wamejenga pembezoni, kwenye vilima na mabonde yaliyokuwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Watoto wangu wote wawili ni miongoni mwao.

Tulianzia kwa binti yetu, Goba. Alitutengea vyumba viwili vizuri, choo humohumo ndani, na vyuma vya kushikilia ukutani kwa ajili ya mama yake. Barabara kubwa za kuingia Goba zina lami, lakini kutoka kwenye lami kufika nyumbani kwake kuna mteremko ambao mvua imeuchimba makorongo. Mke wangu aliutazama siku ya kwanza, hakuutazama tena. Binti na mumewe waliondoka saa kumi na moja alfajiri ili kuwahi foleni, wakarudi saa mbili usiku wakiwa hoi. Kwa wiki tatu tulizokaa pale, tulikuwa karibu sana na mtoto wetu na tulimwona kwa saa moja kwa siku. Saa zilizobaki tulikuwa na televisheni na dada wa kazi.

Siku ya nne niliamua kwenda kujitambulisha nyumba ya pili. Nilisimama mbele ya geti la chuma nikapiga hodi. Mbwa alijibu kwanza. Baadaye sauti ya kijana ikauliza kutoka ndani, "Nani?" Nikasema, "Jirani." Akauliza, "Jirani yupi?" Siwalaumu wenye nyumba ile. Wezi wapo, nao pia huondoka alfajiri. Lakini tulikuwa hatua kumi kutoka kwao, na neno "karibu" halikutamkwa.

Kwa mwanetu, Kibada, upande wa Kigamboni, mambo yalikuwa ya namna nyingine. Kibada ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Barabara zimenyooka, hewa ni safi, na mtu anaweza kueleza nyumba yake ilipo bila kutaja mwembe wala duka. Kama ningekuwa nasahihisha fani tu, Kibada ingepata alama za juu. Ila katika njia ya mwanangu viwanja kadhaa vimezungushiwa ukuta na havijajengwa, kwa hiyo majirani ni nyasi. Kwenda kwenye mazoezi ya mama kulimaanisha kupita daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 na ambalo hulipiwa, au kusubiri pantoni, kisha kuukata mji mzima. Mwanangu alisema, "Baba, nitawapeleka mimi." Nilijua alikuwa anasema kweli, na nilijua pia kwamba mwajiri wake hangemruhusu kila wiki.

Mahali pa tatu palitafutwa na mke wangu. Siku tulipokuja kutoka Njombe tulishukia kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho kilifunguliwa mwaka 2021. Tukiwa tumekaa juu ya mizigo yetu tukimsubiri binti, alitazama nje akasema, "Hapa watu wanatembea kwa miguu." Sikumjibu. Baada ya Goba na Kibada nilimkumbuka, tukarudi kutazama.

Mbezi haina sura ya kumvutia mstaafu. Ina vumbi, ina honi, na nyumba zimejengwa kila moja kwa mwelekeo wake. Watoto walipinga sana. "Baba, pale ni vurugu tupu," binti alisema. Nikamkumbusha kwamba nyumba njema si mlango. Tulipata nyumba ndogo ya kupanga, ya chini, isiyo na ngazi, hatua zisizozidi 200 kutoka daladala za kwenda Goba. Kufika Mloganzila ni safari moja tu kwa barabara ya Morogoro, bila kuingia mjini. Mbele ya nyumba kuna mama anayeuza mkaa. Siku tuliyoshusha mizigo aliuliza, "Shikamoo, Mzee. Mmetokea wapi?" Nikamwambia Njombe. Akasema, "Basi karibuni. Wageni wenu watatuletea viazi."

Sikuyatilia maanani maneno yake. Lakini mwezi Septemba, saa kumi na mbili jioni, simu iliita. Alikuwa yule seremala wetu. Alikuwa ameshuka kwenye basi na gunia la viazi, akiuliza ashike njia ipi. Baada ya robo saa bajaji ilimfikisha mlangoni. Alilala siku mbili, akamtengenezea mke wangu fimbo yenye mshikio mpana kwa ajili ya mkono wa kushoto, akarudi kwake. Angetupata Kibada? Angetupata, ila kwa siku nzima na nauli nyingine. Angelitikisa geti la Goba? Anajua haya mno kwa hilo. Ndipo nilipofahamu kwamba methali imetupa jozi mbili tu, jirani aliye karibu na ndugu aliye mbali, ikamnyamazia mtu wa tatu: jirani aliye mbali. Wazee wanaohama wanamjua mtu huyo vizuri kuliko wote.

Binti yetu huja Jumatano akitoka kazini, na Jumapili huja na wajukuu. Tunamwona kwa saa nyingi zaidi kuliko tulipokuwa chini ya paa lake. Hata hivyo sitaki msomaji adhani nimepata jibu lililokamilika. Wapangaji wa mtaa huu huhama. Tangu tufike, nyumba ya kushoto imebadilisha watu mara mbili. Kelele za usiku zinamchosha mke wangu. Na jirani wa miaka 28 hapatikani kwa kulipa kodi ya miezi sita. Usiku nikiamka huwa najiuliza: nikiita sasa, nani atatoka peku? Mwezi wa kwanza sikuweza kumtaja hata mmoja. Leo naweza kuwataja wawili, mama wa mkaa na kinyozi wa upande wa pili, na wote wawili niliwapata kwa kwenda kuwapigia hodi mimi, si kwa kungoja.

Kwa wale watakaofikia uamuzi kama wetu, nina ushauri mmoja wa kimwalimu. Usiende kuutazama mtaa siku ya Jumapili, ukiwa ndani ya gari la mtoto wako. Nenda siku ya kazi, saa tano asubuhi, wenye ajira wakiwa wameshaondoka, kisha ukae kwenye benchi la duka. Angalia ni nani waliobaki, maana hao ndio watakaokuwa majirani zako. Muulize mwenye duka mjumbe wa eneo hilo anakaa wapi. Akikuonyesha kwa kidole, mtaa huo una watu. Akisema hajui, rudi nyumbani ukafikiri tena. Na watoto nao nawaambia: msipime umbali wa wazazi wenu kwa kilometa tu.

Yule mama aliyemtunza mama yangu alifariki mwaka 1996. Nilikwenda kumshukuru mara moja tu, na kitenge kimoja, nikiwa na haraka ya kuwahi basi. Kama ningekuwa na karatasi zile za wanachuo wangu leo, nisingezifuta alama zao, maana walijibu kama nilivyowafundisha. Ningeandika tu pembeni, kwa wino mwekundu, swali la binti yangu.