Lugha ya Mwenyeji na Lugha ya Mgeni: Uhakiki wa Uteuzi wa Lugha ya Programu-jalizi katika Vim na Neovim

Makala haya yanahakiki uamuzi ambao aghalabu hujadiliwa kama suala la kasi tu: programu-jalizi za programu huria ziandikwe kwa lugha ipi? Mfano wetu ni Vim, kihariri matini kilichotolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991. Kihariri hiki si kigeni katika ukanda wetu. Kwa miaka mingi kimewaomba watumiaji wake wawasaidie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, alikojitolea Moolenaar mwaka 1994.

Vim ina lugha yake yenyewe, Vimscript, iliyokua kutokana na amri za kihariri. Ni rahisi kuianza, ni taabu kuimudu. Vim iliruhusu pia Python, Perl, Ruby na Lua, ila uwezo huo ulitegemea jinsi msambazaji alivyoijenga. Mwandishi aliyechagua Python hakuweza kujua kama mtumiaji anayo, wala kama ni Python 2 au 3. Wingi huo wa lugha ulionekana kuwa uhuru, kumbe ulimhamishia mtumiaji mzigo.

Neovim, iliyochipuka kutoka Vim mwaka 2014, iliitia Lua ndani ya programu yenyewe. Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili. Ni lugha ndogo, hupachikwa kwa urahisi ndani ya programu nyingine, na ujuzi wake hutumika kwingineko. Hata hivyo, mgeni huja na mila zake. Katika Vimscript, sifuri ni uongo. Katika Lua, sifuri ni kweli. Kitendaji cha zamani kinachorejesha 0 kwa maana ya “hapana”, kikiitwa kutoka Lua ndani ya sharti, husomwa kuwa “ndiyo”, na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea. Kasi haiponyi hitilafu ya namna hiyo, na wanaoisifu Lua huitaja kwa nadra.

Moolenaar alifuata njia nyingine. Vim 9.0, ya mwaka 2022, ilileta Vim9 script, ambayo nyaraka zake zinatarajia ongezeko la kasi la mara 10 hadi 100, huku Vimscript ya awali ikiendelea kufanya kazi. Waandishi wa zamani waliheshimiwa. Mwanagenzi, kwa upande wake, alitakiwa kujifunza lugha isiyo na kazi nje ya kihariri kimoja; hata Neovim haiiendeshi.

Kwa anayeanza leo, tunaona Lua ina faida kubwa zaidi, mradi afundishwe habari ya sifuri mapema. Lakini anayetaka programu-jalizi moja iwafikie watumiaji wa pande zote mbili hurudi kwenye Vimscript ileile iliyolalamikiwa na wote.