Ruhusa ya Kutazama Tu: Jinsi Django Ilivyofumua Ukurasa Wake wa Usimamizi

Kwa zaidi ya miaka kumi, mtumiaji wa ukurasa wa usimamizi wa Django, kiunzi cha kuundia programu za wavuti, aligawiwa ruhusa za aina tatu kwa kila jedwali: kuongeza, kubadilisha na kufuta. Kutazama hakukuwamo. Mkaguzi wa hesabu aliyetaka kuona malipo bila kuyagusa ilibidi apewe ruhusa ya kubadilisha, na papo hapo akawa na uwezo wa kurekebisha kile alichotumwa kukikagua.

Pengo hilo lina asili yake. Django ilizaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Ukurasa wake wa usimamizi ulilenga wahariri na waandishi, watu wa chumba kimoja cha habari ambao kazi yao ni kuandika na kusahihisha. Humo, anayefungua habari anaifungua ili aihariri. Dhana hiyo ikaingia katika msimbo, ikabaki humo hata Django ilipoenea kwenye mifumo ya kila aina.

Ufumuaji mkubwa wa kwanza ulifanyika mwaka 2008, kabla ya toleo la 1.0. Mipangilio ya usimamizi iliondolewa ndani ya modeli, yaani msimbo unaoeleza jedwali, ikapewa darasa lake, ModelAdmin. Naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika historia ya ukurasa huu, kwa sababu swali la nani anaruhusiwa nini lilipata makao: kila ruhusa ikawa na fanksheni yake, nawe unaweza kuiandika upya utakavyo. Sura mpya ya mwaka 2015 na rangi za giza za mwaka 2021 zilipendeza, lakini hazikugusa kiini.

Kiini kiliguswa Agosti 2018, katika toleo la 2.1. Ruhusa ya nne, ya kutazama, iliongezwa, na kila jedwali likaipata lenyewe pale amri ya migrate ilipoendeshwa. Kabla ya hapo watu walijisaidia kwa readonly_fields, iliyokuja mwaka 2010, lakini hiyo hufunga sehemu za fomu tu. Haibadilishi ruhusa aliyonayo mtu.

Angalia fanksheni ya ruhusa hiyo mpya, has_view_permission, ilivyoandikwa. Inauliza mambo mawili: je, mtumiaji ana ruhusa ya kutazama, au ana ya kubadilisha? Lolote likiwa kweli, anapita. Kwa "au" hiyo moja, maelfu ya wahariri waliokuwa na ruhusa ya zamani hawakufungiwa mlango siku mfumo ulipopandishwa toleo. Mtego ulibaki kwa wale waliokwisha kujitungia ruhusa yenye jina linaloanza na view_ pamoja na jina la modeli. Majina yaligongana, na ruhusa waliyoitunga kwa kazi nyingine ikafungua kurasa za usimamizi. Maelezo ya toleo yaliwaonya wabadilishe jina.

Nyufa zilijitokeza mahali pengine. Oktoba mwaka uleule toleo la 2.1.2 lilitoka kuziba tundu la usalama: mtu mwenye ruhusa ya kutazama watumiaji aliiona hashi nzima ya nywila zao. Kwa kawaida hashi hiyo huonyeshwa herufi chache na nyota. Ila kazi ya kuificha ilikuwa ndani ya fomu ya kuhariri, na ukurasa wa kutazama ulipita pembeni ya fomu, ukachukua thamani ghafi na kuiandika kwenye skrini.

Desemba 2019 likaja la pili. Mtu aliyeruhusiwa kutazama tu rekodi kuu, lakini akiruhusiwa kuhariri rekodi ndogo zilizo chini yake katika ukurasa uleule, alipobofya kuhifadhi alisababisha save() ya rekodi kuu kuendeshwa. Hakuweza kubadilisha data yake moja kwa moja, lakini msimbo uliofungamanishwa na kuhifadhi, kama vile kutuma taarifa au kukokotoa jumla, uliamka bila idhini. Suluhisho lilikuwa kali: bila ruhusa ya kubadilisha rekodi kuu, zile ndogo nazo hazihaririki. Baadhi ya mifumo ilipoteza njia iliyoizoea. Kwa maoni yangu ilistahili, kwa kuwa ruhusa yenye mwanya ni hatari kuliko kutokuwepo kwake, maana msimamizi huigawa akiwa ametulia.

Wewe unayesimamia mfumo wa Django leo, fungua akaunti ya majaribio yenye ruhusa ya kutazama peke yake, kisha pitia kila ukurasa. Kagua hasa vitendo ulivyoviandika mwenyewe kwenye orodha za rekodi. Tangu 2.1 unaweza kuvidhibiti kwa allowed_permissions, lakini usipoiweka, kitendo chako kitaonekana hata kwa mtu aliyepewa ruhusa ya kutazama tu.