Grafu Inayolala Usiku

Kijana mmoja aliniletea tovuti yake ya mapishi niinunue. Alikuja na picha za skrini zaidi ya kumi, kila moja ikiwa na namba iliyozungushiwa duara jekundu: wageni 48,000 kwa mwezi. Nikamwomba afungue akaunti yenyewe mbele yangu, anionyeshe usiku.

"Usiku gani, dada?"

"Wowote. Hata wa jana. Saa nane mpaka saa kumi."

Saa nane usiku kulikuwa na wageni 61. Saa nane mchana, 63. Mstari ulinyooka kama kamba ya fundi mwashi, wiki nzima, Ijumaa kwa Jumapili, mchana kwa usiku wa manane. Tukamaliza chai yetu, tukaagana kwa wema.

Watu hulala. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha takwimu za tovuti, na sijapata kingine kinachotoa jibu upesi kama hicho. Wasomaji wa kwetu huanza kuchungulia simu kwenye saa kumi na mbili asubuhi, hupungua kazi zikipamba moto, kisha hufurika kati ya saa mbili na saa nne usiku wakiwa wameshakula. Ikifika saa nane wamebaki walinzi, wauguzi wa zamu na mama mwenye mtoto mchanga. Grafu ya haki ina mlima na bonde. Ya tovuti yangu, nayo ya mapishi, ina hata kibonde kidogo cha Ijumaa saa saba mchana, watu wakiwa msikitini. Mnunuzi mzoefu wa samaki hamuulizi mvuvi kavua lini; anafunua mashavu aone wekundu. Usiku ndio mashavu ya grafu.

Kipimo cha pili kinataka kumbukumbu kidogo. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Anayekuuzia tovuti au nafasi ya tangazo akisema wasomaji wake ni Watanzania, mwombe akupeleke kwenye siku hiyo. Natarajia kukuta shimo. Kama wageni waliendelea kumiminika kana kwamba hakuna kilichotokea, hao hawakuwa wakitumia intaneti tuliyokuwa tukiitumia sisi.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nami nimewahi kuingizwa mjini. Mwaka wangu wa kwanza nilimlipa mtu aniletee "wageni halisi 10,000". Walikuja kweli, wote, ndani ya siku sita, na wengi walitokea Ashburn, Virginia, na Boardman, Oregon. Nilifurahi kwamba Wamarekani wanapenda vitumbua. Baadaye ndipo nilipojua kuwa miji hiyo ina vituo vikubwa vya data, maghala yaliyojaa seva, na seva haili. Siku hizi nikiona Ashburn, au Council Bluffs kule Iowa, macho yangu yanaruka mstari. Na hata miji ya kwetu usiiamini sana: anwani ya IP ya simu mara nyingi huonyesha pale mtandao unapotokea, si pale mtu alipo. Msomaji wa Wete anaweza kuhesabiwa Dar es Salaam. Nchi naiamini, mji nauchukua kama tetesi.

Sasa tuingie jikoni, namba zinakopikwa. Seva huandika kwenye faili lake mstari mmoja kwa kila kitu inachoombwa. Ukurasa wangu wa mkate wa kumimina una picha 14, faili za mtindo, fonti na nembo; mtu mmoja akiufungua, seva huandika mistari zaidi ya ishirini. Kila mstari ni hiti. Ndiyo maana wenye tovuti wa zamani walipenda kujisifu kwa hiti milioni: ongeza picha tu, umaarufu unapanda. Ndani ya mistari hiyo mna roboti chungu nzima. Wako wanaojitaja kwa adabu, kama Googlebot, bingbot na GPTBot, na wako vibaka wanaopita wakitikisa vitasa. Fungua faili hilo leo, hata kama tovuti yako haina wiki mbili, utakuta mtu kajaribu wp-login.php, kajaribu .env, na mara nyingi kajibiwa 404. Hao nao ni hiti.

AWStats, ambayo huja pamoja na huduma nyingi za kukodi seva, husoma faili hilo na kuwaweka kando roboti inaowatambua. Isiowatambua huwahesabu kama watu. Na mtu kwake ni anwani ya IP, jambo ambalo kwa wasomaji wa simu ni balaa, kwa kuwa mitandao yetu huficha simu nyingi nyuma ya anwani moja: kundi zima la watu linakuwa mtu mmoja. Google Analytics hufanya kinyume. Haisomi faili la seva. Inaweka kidakuzi kwenye kivinjari cha mgeni kwa msimbo wa JavaScript. Roboti wengi hawaendeshi msimbo huo, kwa hiyo wanaponyoka. Lakini Safari hufuta vidakuzi vya namna hiyo baada ya siku saba bila kurudi, kwa hiyo mwenye iPhone anayenitembelea kila siku ya kumi huhesabiwa mgeni mpya kila anapobisha hodi. Mimi namjua ni yuleyule. Anapika kaimati.

Kwa sababu hizo vihesabio viwili havitalingana hata siku moja, na mwenye tovuti anayekesha akivilinganisha anajiumiza bure. Ninachotaka ni vitembee pamoja: kimoja kikipanda Jumapili, na kingine kipande. Kimoja kikipaa na kingine kimelala, hapo kuna jambo.

Neno linalosumbua kuliko yote ni ziara. Chukua mkate huohuo wa kumimina. Msomaji wangu anafungua ukurasa, anasaga mchele na tui la nazi, anatia hamira, sukari na iliki, anafunika bakuli. Simu anaiweka pembeni. Anasubiri mkate uumuke, saa moja na ushee. Akirudi anafungua ukurasa uleule kuona habari za moto na kikaango. Google Analytics humfungia mtu ziara akikaa kimya dakika 30; AWStats humngoja dakika 60. Kote kote huyu kahesabiwa ziara mbili. Mtu mmoja, mkate mmoja, ziara mbili. Kama hamira yake ni nzuri na mkate ukaumuka kwa dakika 50, basi AWStats itasema ziara moja na Google itasema mbili, na zote mbili zimesema kweli kwa kanuni yake.

Dhuluma kubwa zaidi ilikuwa ya zamani. Toleo la awali la Google Analytics, lililokoma kupokea data tarehe 1 Julai 2023, lilipima muda kwa kuhesabu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Aliyesoma ukurasa mmoja tu akaondoka alihesabiwa kwamba alichungulia akakimbia, muda wake sifuri, hata kama simu ilisimama kando ya jiko nusu saa nzima ikipakwa unga. Miaka kadhaa niliamini kwamba wasomaji wangu hawanipendi. Toleo la sasa lina huruma kidogo: ziara ikizidi sekunde 10, au ikigusa kurasa mbili, au ikifanya tukio uliloliweka kuwa muhimu, inahesabiwa kuwa ya mtu aliyekaa. Sekunde kumi si nyingi. Lakini ukichukua namba za kabla ya tarehe hiyo ukazilinganisha na za baada yake, umelinganisha pishi na kilo.

Wastani nao una uongo wake. Wageni kumi wakija, tisa wakaondoka baada ya sekunde 5 na mmoja akakaa dakika 20, wastani ni dakika mbili na zaidi kidogo. Hakuna hata mmoja aliyekaa dakika mbili. Na ukurasa uliotoka wasomaji 4 hadi 12 umeongezeka kwa asilimia 200. Mwenye kukutajia asilimia bila kukutajia watu, mwache aendelee, wewe unywe maji.

Kinachonifurahisha mimi kama mnusa-takwimu ni kile kisanduku ambacho wengi hukipita, kilichoandikwa kwamba mgeni alikuja "moja kwa moja". Maana rasmi ni kwamba aliandika anwani kwa mkono au alikuwa ameihifadhi. Maana halisi ni kwamba kihesabio hakijui alikotoka. Na kwa tovuti ya Kiswahili, asiyejulikana alikotoka aghalabu katoka WhatsApp. Ukitaka uhakika, rudi kwenye faili la seva. Mtu anapobandika kiungo kwenye WhatsApp, simu yake huja kuchukua kichwa cha habari na picha ya kuonyesha, na huacha alama. Huu hapa mfano, tarehe 14 Machi 2024, siku ya Alhamisi, ndani ya Ramadhani: saa 15:42:07, ukurasa ulioombwa ni /mkate-wa-kumimina/, jibu la seva ni 200, aliyeomba kajitaja WhatsApp, na mwisho wa jina pana herufi A, yaani Android. Mistari ya wageni ikaanza dakika mbili baadaye. Hadi saa kumi na dakika kumi walikuwa wamefika 37, karibu wote simu za Android, wote hawana walikotoka. Kihesabio kiliandika watu 37 wamekuja wenyewe. Mimi nilisoma mtu mmoja, mwenye grupu lenye watu wengi wenye njaa, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri.

Kwa viungo unavyovisambaza mwenyewe, vitie alama mwishoni, zile herufi zinazoanza na utm, ili kihesabio kijue mgeni katoka grupu gani. Herufi hizo ni urithi wa Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na kuigeuza kuwa Analytics. Watu wanaziandika kila siku kama dua ya lugha ya kigeni, na ukoo wake wameusahau.

Nje ya hapo, chombo ninachokiheshimu ni Search Console, kwa sababu kinaleta maneno yenyewe watu waliyoyaandika Google. Namba hapo hazijumliki sawasawa, maana maswali yaliyoulizwa na watu wachache sana hufichwa ili kulinda faragha. Sijali. Neno "mkate wa kumimina haujaumuka" likitokea mara tisa lina uzito kwangu kuliko wageni elfu wasio na sura. Kuna mtu bakuli lake limelala. Nikaongeza aya kuhusu hamira iliyokaa muda mrefu, na ukurasa ule tangu hapo unasomwa hadi chini.

Kuhusu kulinganisha mwaka na mwaka, kalenda ya ukutani itakudanganya. Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Machi ya 2022 iliisha mfungo haujaanza. Machi ya 2024 mfungo ulianza kabla ya katikati ya mwezi. Mwenye tovuti ya mapishi akiweka Machi mbili hizo bega kwa bega atajiona kapaa, na mwaka ambao mfungo utaondoka kabisa Machi atajiona kafilisika. Linganisha mfungo kwa mfungo, na Shaabani kwa Shaabani.

Na hakikisha saa ya akaunti yako ni ya kwako. Yangu niliifungua kwa haraka nikaiacha na saa ya pwani ya magharibi ya Marekani. Ramadhani yangu ya kwanza grafu ilionyesha wasomaji wakifurika kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nikajua ni daku. Nikaandika mapishi ya daku matatu, uji, tambi, viazi vya nazi, nikayatangaza kila mahali. Hakuna aliyeyagusa. Tofauti ya saa wakati huo ilikuwa kumi: alfajiri ya grafu ilikuwa saa tisa alasiri yao, watu wakijiandaa kufuturu.

Ile Alhamisi ya Machi 2024 saa ilikuwa sawa, kwa hiyo nilikaa na faili hadi jioni. Baada ya mvua ya WhatsApp wasomaji waliendelea kuja, wa Tanzania wengi, wa Kenya, na wachache wa Oman, ambako Kiswahili hakijatoka kwenye majiko ya watu. Saa kumi na moja na robo kwa saa za kwetu, wale wa Oman walikatika wote kwa pamoja. Muscat jua limezama. Wa kwetu wakabaki wakikoroga. Saa kumi na mbili na nusu nao wakanyamaza, mstari wa mwisho wa simu ukiwa wa mtu aliyefungua picha ya tisa, ile ya kugeuza mkate. Dakika nne baadaye aliingia Googlebot, peke yake.